Kabla ya kuchora wadi mpya, itembeeni mitaa: barua ya wazi kuhusu mipaka ya Mji wa Kale wa Mombasa

Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Kwa Spika na Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti ya Mombasa. Na kwa Kamishna wa Kaunti.

Assalaam alaikum, na kwa msio Waislamu, pokeeni salamu zangu kwa heshima ileile.

Nina ombi moja, nalitanguliza ili hata asiye na nafasi ya kusoma barua ndefu alipate. Mtakapochora upya wadi za kisiwa hiki, na mtakapoamua vijiji vya kaunti, ichukueni mitaa ya Mji wa Kale ilivyo, msiipasue katikati. Na kabla kalamu haijagusa karatasi, itembeeni kwa miguu, mkiwa na wanaoijua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 89, inaitaka Tume ipitie mipaka ya maeneobunge kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala isiyozidi 12. Kazi hiyo ilikamilika mara ya mwisho Machi 2012. Miaka 12 ikatimia Machi 2024, na Tume wakati huo haikuwa na kamishna hata mmoja. Viti vilikaa vitupu kuanzia mapema 2023 hadi Julai 2025. Sasa mpo, lakini uchaguzi wa Agosti 2027 umeshapiga hodi, na Katiba hiyohiyo inasema mipaka itakayokamilika ndani ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu haitatumika katika uchaguzi huo. Wengi wanalalamikia kucheleweshwa huku. Mimi, kwa upande wa mji wetu, nakuona kama faraja: mna muda wa kufanya kazi bila pupa, na sisi tuna muda wa kuwaeleza.

Kwamba kalamu itapita Mombasa, hilo halina shaka. Chukueni sensa ya 2019. Wakenya 47,564,296 wakigawanywa kwa maeneobunge 290 inakuja kama watu 164,000 kwa kila eneo. Mvita, eneobunge letu la kisiwani, ina 154,171, imekaa pazuri. Jomvu ina 163,415, Changamwe 131,882, Nyali 216,577. Lakini Likoni ina 250,358 na Kisauni 291,930. Hata mkitumia ile ruhusa ya asilimia 40 inayopewa majiji, kikomo ni karibu 229,600, na maeneo hayo mawili yameshakivuka. Mkianza kupunguza huku na kuongeza kule, mtajikuta mko kisiwani, ndani ya wadi tano za Mvita: Mji wa Kale/Makadara, Tudor, Tononoka, Majengo na Shimanzi/Ganjoni. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Mji huu ulijua kujipanga kabla ya neno wadi kufika. Wenyeji walikuwa Thenashara Taifa, mataifa kumi na mawili katika makundi mawili. Thelatha Taifa walikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa walikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Kila taifa lilikuwa na wazee wake, na kila kundi lilikuwa na tamim, msemaji wake mbele ya watawala. Mreno alipotoka, ukoo wa Wamazrui uliposhika Ngome (Fort Jesus), na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alipouchukua mji 1837 akaweka maliwali (magavana) wake, wote hao walilazimika kukaa na wazee hawa. Liwali aliyejaribu kutawala Mombasa bila wao alijipa kazi ya kufukuza upepo.

Sasa hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi wa historia yetu hulipitia juujuu. Taifa halikuwa eneo. Mkilifi na Mpate waliweza kukaa ukuta kwa ukuta, kila mmoja akawa na mzee wake wa kumwendea. Taifa lilihesabu watu kwa nasaba. Aliyewahesabu watu kwa mahali alikuwa mtaa. Mtaa ndio uliokuwa na kisima, msikiti, baraza na njia ya kwenda pwani. Mtu mmoja, basi, alikuwa na anwani mbili: wewe ni wa nani, na wewe unakaa wapi. Ya kwanza ilikuwa ya diya (fidia ya damu), ya ndoa, ya mashamba na ya mkataba na Wamijikenda wa ng'ambo ya maji; Wakilindini, kwa mfano, walikuwa na yao na Wadigo. Ya pili ilikuwa ya maisha ya kila siku, ya moto ukiwaka na maiti akitoka.

Karne ya 19, mji ulikuwa na pande mbili za kukaa. Karibu na Ngome palikuwa Gavana, walikokaa watu wa serikali na wengi wa Waarabu. Kaskazini yake palikuwa Mji wa Kale wenyewe, wa Waswahili. Muulizeni leo kijana wa Ndia Kuu, Gavana iko wapi. Atafikiri mnamtafuta gavana wa kaunti. Jina limefutika kabisa, na upande wake umemezwa na jina la jirani, kwa hivyo tunachokiita Mji wa Kale sasa ni pamoja na mahali ambapo babu zetu wasingepaita hivyo. Kilindini nayo ulikuwa mji wenye watu wake upande wa magharibi wa kisiwa. Watu wakahamia huku mashariki, jina likabaki kule, na leo ukisema Kilindini kila mtu anaona kreni na makontena. Sisemi haya kwa kusikitika tu. Nataka mwone kwamba mpaka usioandikwa hudumu maadamu kuna wanaoutumia, na wakiondoka huondoka nao.

Waingereza walipotangaza himaya 1895 walimwacha Liwali kitini, wakamwekea bwana DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, pembeni. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ikawataka wenye ardhi waje waidai kwa ushahidi mmoja mmoja, na ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Kwa watu ambao ardhi yao ilikuwa ya taifa zima, mjue kilichotokea. Kisha ikaja bodi ya manispaa, 1928, na pamoja nayo hesabu mpya kabisa ya mji: vitalu, namba, barabara zenye majina ya wakubwa. Salim Road, ambayo leo ni Digo Road, ikawa ukingo wa mji wa zamani upande wa bara. Zaidi ya hapo pakaota mitaa mingine, Majengo ikiwa kubwa kuliko yote, ambako mtu aliweza kuwa na nyumba yake halali lakini ardhi chini ya nyumba ni ya mwingine. Mipaka ya Majengo ina kesi zake, na inastahili barua yake yenyewe.

Bodi ile ya 1928 ilikua ikawa baraza la manispaa, ikavunjwa 2013 kaunti zilipoanza. Liwali na mudiri, msaidizi wake, waliondoka mapema zaidi, baada ya uhuru. Mkataba wa Oktoba 1963, uliounganisha Mwambao, yaani pwani iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na Kenya, uliahidi kwamba maeneo yenye Waislamu wengi yatapewa watawala Waislamu kadiri itakavyowezekana. Haukuahidi kwamba mtawala huyo atajua Kuze inaishia wapi na Kibokoni inaanzia wapi. Akaja chifu, na naibu wake, na lokesheni, yaani eneo la chifu. Baadaye, 2013, tukaambiwa kuna Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulinda usalama. Sina ugomvi na yeyote kati ya hao. Ugomvi wangu ni kwamba kila aliyekuja alikuja na ramani yake, na ya aliyemtangulia hakuna aliyeiondoa.

Hebu hesabuni zilizoko juu ya vichwa vyetu sasa hivi. Wadi ni ya Tume. Lokesheni hutangazwa na Wizara ya Usalama wa Ndani katika Gazeti Rasmi. Eneo la uhifadhi, lenye masharti ya milango, roshani na urefu wa ghorofa, lilitokana na mpango wa 1990 na lina mstari wake. Kampuni ya maji ina njia zake za kusoma mita. Chini ya yote hayo ipo mitaa, Mjua Kale, Mlango wa Papa, Kuze, Kibokoni, ambayo kila mtu anaitumia na hakuna karatasi inayoitambua. Mistari yote hiyo haikutani, na pale isipokutana ndipo mwananchi anapochanika.

Jirani yetu mmoja, mjane, nyumba yake ina milango miwili. Wa mbele unatokea kichochoro kimoja, wa uani unatokea kingine. Mjukuu wake alifika umri wa kitambulisho, akahitaji barua ya kuthibitisha anakokaa. Ofisi ya kwanza ikatazama daftari ikamwambia, "Bi, nyumba yako si ya kwetu, wewe ni wa upande wa pili." Upande wa pili wakamwambia mlango wa mbele ndio unaohesabiwa, arudi alikotoka. "Mwanangu," akamwambia yule karani, "mimi nimezaliwa humu, na mamangu kazaliwa humu. Niambie basi nilale chumba gani ili niwe wa kwenu." Karani alicheka, na nadhani hakuwa mtu mbaya. Kilichokuwa kibaya ni daftari. Mwishowe barua ilipatikana kwa sababu mzee wa mtaa, ambaye hana mshahara wala meza, aliandamana na yule kijana akamdhamini kwa mdomo. Zile ofisi mbili zilikuwa na ramani. Aliyemjua kijana ni mzee.

Huyo mzee nilimuuliza mpaka wa mtaa wake. Hakunionyesha barabara. Alinipeleka mpaka kwenye kipembe cha ukuta, penye mfereji wa zamani uliozibwa kwa saruji, akagonga kwa bakora. "Hapa. Ukifiliwa upande huu, maiti yako yaswaliwa kwetu na sufuria za matanga zatoka kwetu. Ukivuka hapa, wao ndio wenyeji, sisi tuwageni." Kisha akanionyesha nyumba moja inayokaa juu ya mpaka kabisa, na akaeleza kwa utulivu kabisa kwamba hiyo hupewa chakula na pande zote mbili. Waheshimiwa, hilo ni suluhisho la mipaka ambalo sijaliona katika kanuni zozote za serikali, na limefanya kazi kwa vizazi bila kesi hata moja.

Wale waliotuletea wadi na vitalu walikuwa na desturi kama hii kwao. Katika parokia za Uingereza, siku za kuadhimisha Kupaa kwa Yesu, kasisi na wazee walizunguka mpaka wa parokia yao wakichapa mawe ya mpaka kwa fimbo, na watoto walichukuliwa makusudi ili wakikua wawe mashahidi. Zipo parokia London zinazofanya hivyo hadi leo. Huku kwetu hawakuona haja.

Najua mtakachonijibu. Kwanza mtasema sheria inawabana kwa idadi ya watu. Inawabana, lakini kifungu hichohicho cha 89 kinawaruhusu kupunguza au kuongeza kwa kuzingatia umbo la nchi, miji, mawasiliano, na uhusiano wa watu kijamii, kihistoria, kiuchumi na kitamaduni. Neno kihistoria limo ndani ya Katiba. Halikuwekwa kama pambo. Na kwa vile Mvita kwa jumla iko karibu na wastani, hamtalazimika kuuvunja mtaa wowote ili hesabu itimie. Mnaweza kuhamisha mtaa mzima kutoka wadi hii hadi ile na mkabaki ndani ya sheria. Ninachokiomba kinawezekana kabisa, kinataka uangalifu tu.

Pili, mtasema wazee wenyewe hawakubaliani. Kweli, katika baadhi ya sehemu hawakubaliani. Mlango wa Papa na majirani zake mtawakuta na hadithi mbili, labda tatu. Basi andikeni zote tatu. Mgogoro ulioandikwa ni rahisi kuumaliza kuliko mstari ulionyooshwa na mtu wa kompyuta aliyeona paa za mabati kutoka angani akachagua lililo nyoofu. Vichochoro vyetu havionekani kutoka angani.

Tatu, na hili ndilo zito, atasimama mtu aseme hii ni njia ya kurudisha ukabila wa zamani, Tisa na Thelatha, wenyeji na wakuja. Sitaki kulikwepa. Mji wetu uliwahi kugawanyika vibaya kwa misingi hiyo, na serikali ya kikoloni ilijua kuuchochea mgawanyiko huo. Ndiyo maana nimesisitiza tofauti ya taifa na mtaa. Siwaombi mumrudishe tamim, wala sitamani Liwali. Mtaa haukumuuliza mtu nasaba. Kibokoni leo ina Mswahili, Mbohora, Mbaluchi, Mkamba, Mluo na mtu aliyekuja mwaka jana kutoka Kitui kuuza maji, na wote wakifiliwa chakula hutoka mahali pamoja. Mkitambua mtaa mtakuwa mmetambua kitu pekee katika utawala wetu wa zamani kilichokuwa wazi kwa kila aliyehamia.

Kwa Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti nina neno la ziada. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imewapa ninyi, si Nairobi, uwezo wa kuamua idadi ya vijiji, na kila kijiji kiwe na msimamizi na baraza la wazee wasiopungua 3 wala kuzidi 5. Neno kijiji likisikika mjini watu hucheka, lakini nafasi imo humo. Mkisema kila mtaa wa Mji wa Kale ni kijiji kimoja kwa mujibu wa sheria hiyo, yule mzee anayetembea na bakora atakuwa na muhuri na posho, na mtaa wake utakuwa na mstari ambao Tume itaukuta tayari itakapokuja. Mkikaa kimya, Tume itachora kwanza, nanyi mtabaki kugawanya vijiji ndani ya mistari ya watu wengine.

Na kwako Kamishna wa Kaunti: mipaka ya lokesheni inaweza kurekebishwa bila kungoja Tume wala Katiba. Nyumba ile yenye milango miwili inaweza kupata chifu mmoja hata mwezi huu.

Sasa mtembee vipi. Kwa rai yangu, kila mtaa mwite wazee wawili wa kiume na wawili wa kike. Nawataja wanawake kwa sababu wao ndio wanaopeleka sufuria, kwa hiyo wao ndio wanaojua mpaka kwa hakika kuliko wanaume wanaokaa barazani. Muwe na vijana wa kupiga picha na kuweka alama kwa simu. Anzeni alfajiri, kabla mikokoteni haijaziba njia. Waulizeni wenye msikiti, Basheikh, Mandhry na mingineyo, maana Mandhry pekee umesimama tangu 1570 na maimamu wanajua jamaa zao wanatoka vichochoro vipi. Muulizeni muuza kahawa. Msiwaulize wagombea.

Mtu wa Mji wa Kale aliyehamia Kisauni, kama walivyohama wengi wa watoto wetu kwa sababu ya kodi na nafasi, aachwe ahesabiwe anakokaa. Wengine wangependa kumrudisha kwenye daftari la huku ili mtaa uonekane na watu wengi. Hiyo ni hila, na ikishikwa itaharibu hoja yote. Mtaa wenye watu wachache bado ni mtaa.

Jambo la mwisho ni ramani yenyewe ya rasimu. Mlipofanya kazi kama hii zamani, ilitolewa kwa Kiingereza, na mwananchi akatakiwa atoe maoni. Safari hii iwe kwa Kiswahili, yenye majina ya mitaa, na ibandikwe Kibokoni, Makadara na sokoni pamoja na tovutini, kwa siku zisizopungua 30, na pembeni pawe na kalamu imefungwa kwa uzi.

Wenu katika kuutumikia mji,

Mkaazi wa Mji wa Kale, Mombasa